Mfalme na Bunge la Uingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka mingi kutoka kwa wanafunzi wa kidato cha tano na sita niliowafundisha historia, na kutoka kwa watu wazima wanaosikia majina kama Magna Carta au Cromwell kwenye hotuba za wanasheria wakatamani kujua asili yake. Pale ambapo jambo ni zito nimejibu kwa urefu. Pale ambapo si zito nimepita.

Mfalme na Bunge waligombania nini hasa?

Waligombania nani mwenye ruhusa ya kutia mkono mfukoni mwa mtu mwingine. Mengine yote, dini, jeshi, mahakama, uhuru wa kusema, yalikuja yakifuatana na hilo.

Mfalme wa Uingereza wa zama za kati alitarajiwa aishi kwa mapato yake mwenyewe: mashamba ya ufalme, ushuru wa bandarini, faini za mahakama. Katika amani yalitosha. Vikija vita hayakutosha, na vita vilikuja mara kwa mara, na Ufaransa, na Uskoti, na baadaye Hispania. Hapo mfalme hakuwa na budi kuwaita wenye mali na kuwaomba wachange. Nao walipojua kwamba anawahitaji, wakaanza kuja na malalamiko yao mkononi: kwanza tusikilize, kisha tukupe. Ukizisoma hati kubwa za haki za Uingereza kwa mpangilio wa miaka, utaona kwamba nyingi zilitoka wakati mfalme amebanwa. Hii ndiyo sababu huwa sikubali mtu anaposema wafalme wa Uingereza "waliwapa" watu wao haki.

Magna Carta ilikuwa katiba?

Hapana. Ilikuwa mkataba wa kusimamisha vita. Mfalme John alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya ardhi yake ya Ufaransa, akawakamua makabaila wake ili airudishe, akashindwa tena mwaka 1214. Makabaila wakaasi, wakauteka mji wa London, na tarehe 15 Juni 1215 wakamlazimisha akubali masharti yao kwenye uwanda wa Runnymede, kando ya mto Thames.

Masharti mengi yanahusu mambo ambayo leo hayatusisimui: urithi, wajane, madeni, mitego ya samaki mtoni. Lakini mawili yameishi miaka 800. La 39 lilisema mtu huru hatakamatwa wala kufungwa wala kunyang'anywa mali isipokuwa kwa hukumu halali ya watu wa daraja lake au kwa sheria ya nchi. La 40 ni fupi, na kila ninapolisoma darasani kunakuwa kimya: hatutamuuzia yeyote haki, hatutamnyima, wala hatutamcheleweshea.

Angalieni hayo maneno "mtu huru". Wakulima wengi wa Uingereza wakati huo walifungwa kwenye ardhi ya bwana, kwa hiyo hawakuwemo. Na mkataba wenyewe haukudumu hata miezi mitatu, kwani Papa Innocent wa Tatu aliufuta mwezi Agosti kwa ombi la John. Uliokolewa na kifo cha mfalme huyo mwaka 1216. Mwanawe Henry alikuwa mtoto wa miaka tisa, na waliomlea kwenye kiti wakautoa upya ili kuwatuliza makabaila, kisha tena mwaka 1217. Mwaka 1225 Henry mwenyewe aliutoa kwa sharti la kupewa kodi. Pesa tena.

Bunge lenyewe lilianza lini?

Halina siku ya kuzaliwa. Simon de Montfort, kabaila aliyemshika mateka Henry wa Tatu, aliitisha mkutano Januari 1265 ambamo kila wilaya ilileta mashujaa wawili (watu wenye cheo cha "knight") na miji ikaleta wajumbe wake. Aliuawa vitani Evesham mwaka huo huo, lakini mtindo ulibaki. Edward wa Kwanza akautumia mwaka 1295 kwa sababu alihitaji fedha za vita. Katika karne ya 14 wajumbe wa wilaya na miji wakazoea kukaa chumba chao peke yao, mbali na malodi na maaskofu, na mwaka 1377 Thomas Hungerford akawa wa kwanza kuandikwa kwa cheo cha Spika. Kazi ya Spika ilikuwa kumpelekea mfalme maneno ambayo mfalme hakutaka kuyasikia. Haikuwa kazi salama.

Kwa nini kwa Kiswahili bunge hilo la wajumbe, House of Commons, tunaliita Bunge la Makabwela? Walikuwa makabwela kweli?

Hawakuwa. Jina limezoeleka kwenye redio na magazeti, nami nalitumia hapa, lakini linapotosha. Kwa sheria ya mwaka 1430, aliyeruhusiwa kumchagua mbunge wa wilaya ni mwenye ardhi yake inayoingiza angalau shilingi 40 kwa mwaka. Waliochaguliwa walikuwa wenye mashamba, wanasheria na wafanyabiashara. Kabwela halisi alikuwa nje, akilipa.

"Haki ya kimungu ya wafalme" maana yake nini?

Ni fundisho kwamba mfalme amewekwa na Mungu, na atamjibu Mungu tu. James wa Kwanza, aliyetoka Uskoti kuchukua kiti cha Uingereza mwaka 1603, aliliamini na kuliandikia vitabu. Mwaka 1610 aliwaambia wabunge kwamba wafalme ni manaibu wa Mungu duniani, na kwamba Mungu mwenyewe amewaita miungu.

Aliyemkabili zaidi ni jaji, Edward Coke. Kwa masimulizi yake mwenyewe, mwaka 1607 alimwambia James kwamba mfalme hawezi kuamua kesi kwa akili yake, kwa kuwa sheria ni ufundi unaosomewa miaka mingi, na kwamba mfalme hayuko chini ya mtu yeyote ila yuko chini ya Mungu na sheria. James akawaka hasira. Mwaka 1616 Coke akafukuzwa ujaji, akaingia Bungeni, na huko akawa mwiba mkubwa kuliko alivyokuwa mahakamani. Mwaka 1621 Makabwela walipoandika kwenye daftari lao kwamba uhuru wa kujadili ni haki yao ya kuzaliwa, James aliliagiza daftari, akauchana ukurasa ule kwa mkono wake.

Charles wa Kwanza alikosea wapi?

Nikiambiwa nitaje kosa moja, nitasema hili: alidhani mtu anayeuliza "kwa sheria ipi?" ni adui yake.

Alirithi kiti mwaka 1625 akiwa na vita na Hispania na hazina tupu. Kwa desturi, Bunge la kwanza humpa mfalme mpya ushuru wa bandarini wa maisha yake yote. Makabwela wakataka kumpa wa mwaka mmoja tu. Akaendelea kuutoza bila idhini, kisha akawalazimisha matajiri wamkopeshe, na waliokataa akawatia ndani. Mashujaa watano wakaenda mahakamani mwaka 1627 kuuliza wamefungwa kwa kosa gani. Jibu la serikali lilikuwa kwamba wamefungwa kwa amri maalumu ya mfalme. Basi, hakuna kosa lililotajwa, na mahakama haikuwaachia. Msomaji yeyote aliyewahi kuona ndugu yake akichukuliwa bila maelezo anajua uzito wa jibu hilo.

Bunge la mwaka 1628, Coke akiwemo mwenye miaka zaidi ya 70, likamwandikia Ombi la Haki lenye mambo manne: hakuna kodi wala mkopo wa lazima bila idhini ya Bunge, hakuna mtu kufungwa bila sababu kuonyeshwa, hakuna kulaza askari majumbani mwa watu, hakuna sheria ya kijeshi wakati wa amani. Lilipewa jina la ombi ili mfalme asione amewekewa sheria mpya. Akalikubali kwa sababu alitaka pesa, kisha akaendelea kama zamani.

Tarehe 2 Machi 1629 aliamuru kikao kiahirishwe. Spika John Finch aliposimama ili afunge shughuli, wabunge wawili, Denzil Holles na Benjamin Valentine, wakamkandamiza kitini huku analia. Mlango ukafungwa kwa ufunguo, mjumbe wa mfalme anagonga nje, na ndani wakapitisha kwa sauti kubwa maazimio kwamba yeyote atakayeshauri au kulipa ushuru usioidhinishwa ni msaliti wa nchi. John Eliot, aliyeyaandika, alifungwa katika Mnara wa London, akafia humo mwaka 1632.

Baada ya hapo Charles alitawala miaka 11 bila Bunge. Alipataje fedha? Kwa kufukua kila sheria ya zamani yenye harufu ya malipo. Iliyojulikana zaidi ni kodi ya merikebu. Kwa desturi, miji ya pwani ilitoa merikebu au fedha wakati wa hatari. Mwaka 1634 akaitoza pwani katika amani, mwaka 1635 akaipeleka hadi bara, kwa watu ambao hawajawahi kuiona bahari. John Hampden, mwenye mashamba wa Buckinghamshire, akakataa kulipa. Kiasi kilichobishaniwa mahakamani kilikuwa shilingi 20, na kwa utajiri wake angeweza kuzilipa bila hata kuuliza. Majaji walikuwa 12. Saba walimpa mfalme ushindi, watano wakasimama na Hampden. Mfalme alishinda kesi akashindwa nchi, kwa sababu ushindi wa kura saba kwa tano, mbele ya majaji wake mwenyewe, ulimwambia kila mtu kwamba hoja ya Hampden ina miguu.

Kilichomwangusha hakikutoka Uingereza. Mwaka 1637 aliwalazimisha Waskoti wasali kwa kitabu kipya cha sala, nao wakakataa kwa silaha. Vita vinataka fedha, na fedha zinataka Bunge. Aliliita Aprili 1640, likaanza na malalamiko, akalivunja baada ya wiki tatu. Waskoti wakaingia kaskazini mwa Uingereza. Mwezi Novemba akaliita tena, na hili ndilo lililokuja kuitwa Bunge Refu.

Kwa nini kila mtu anaitaja tarehe 4 Januari 1642?

Kwa sababu siku hiyo mfalme aliingia mwenyewe katika ukumbi wa Makabwela kukamata wabunge, jambo ambalo hakuna mfalme aliyewahi kulifanya.

Bunge Refu lilikuwa limeshambana sana. Lilimhukumu kifo mshauri wake Strafford, likafuta mahakama ya kisiasa iliyoitwa Chumba cha Nyota, likapiga marufuku kodi ya merikebu, likatunga sheria kwamba haliwezi kuvunjwa bila ridhaa yake lenyewe. Kisha Ayalandi ikaasi Oktoba 1641, na likazuka swali ambalo halikuwa na njia ya katikati: jeshi la kwenda huko ataliongoza nani? Bunge likiliacha kwa mfalme, anaweza kuligeuza dhidi ya Bunge. Mwezi Novemba orodha ndefu ya malalamiko dhidi ya utawala wake ilipita kwa kura 159 dhidi ya 148, kwa hiyo mjue kwamba Bunge lenyewe lilikuwa limepasuka katikati.

Charles akaamua kuwakamata wabunge watano kwa uhaini: Pym, Hampden, Holles, Haselrig na Strode. Alikwenda na watu wenye silaha wapatao 400. Aliwaacha nje, lakini mlango ukashikiliwa wazi ili waliomo ndani waone panga. Akavua kofia, akamwomba Spika amwazime kiti chake, akaanza kutazama nyuso. Watano hawakuwemo. Walikuwa wamedokezwa, wakateremkia mtoni, wakapanda mashua. Akamuuliza Spika William Lenthall wako wapi.

Lenthall hakuwa mtu shupavu. Maisha yake kabla na baada ya siku hiyo hayaonyeshi ushujaa wowote. Lakini akapiga magoti, akajibu kwamba hana macho ya kuona wala ulimi wa kusema mahali pale ila kama Bunge litakavyomwelekeza, kwa kuwa yeye ni mtumishi wake. Mfalme akasema anaona ndege wake wameruka, akatoka, huku wabunge wakimpigia kelele za "Kinga! Kinga!", yaani haki ya Bunge ya kutoingiliwa.

Siku sita baadaye aliondoka London. Aliporudi alikuwa mfungwa.

Tangu siku hiyo hakuna mfalme wala malkia wa Uingereza aliyeingia ukumbi wa Makabwela wakiwa kikaoni. Anapofungua Bunge hukaa kwa Malodi, akatuma mjumbe kuwaita Makabwela, na mlango unafungwa usoni mwa mjumbe huyo hadi agonge mara tatu. Watazamaji wa televisheni huona ni mchezo wa mavazi. Mlango ule unafungwa kwa sababu ya panga za siku ile.

Vita vilikuwaje?

Vilianza Agosti 1642 mfalme alipopandisha bendera yake Nottingham. Mwanzoni hakuna aliyeshinda wazi. Bunge likaungana na Waskoti, likaunda jeshi la kudumu lenye mishahara na nidhamu, na huko Naseby, tarehe 14 Juni 1645, likavunja jeshi kuu la mfalme. Mwaka 1646 alijisalimisha kwa Waskoti. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba Uingereza na Wales zilipoteza karibu watu 200,000, wengi kwa maradhi kuliko kwa risasi, na Ayalandi iliumia zaidi.

Kwa nini walimwua mfalme badala ya kumfukuza?

Kwa sababu hawakuweza kumwamini tena. Akiwa mfungwa alizungumza na kila upande, akafunga mapatano ya siri na Waskoti, na mwaka 1648 vita vikaanza upya kwa ajili yake. Jeshi likasema inatosha. Wabunge wengi bado walitaka mapatano, kwa hiyo tarehe 6 Desemba 1648 Kanali Thomas Pride alisimama na askari mlangoni mwa Bunge akawazuia wote ambao jeshi halikuwataka. Waliosalia, ambao watu waliwaita Bunge la Mabaki, ndio walioanzisha mahakama.

Hapa siwezi kuficha ninavyoona. Mfalme alikuwa na hatia ya damu nyingi. Lakini mahakama ile ilikuwa ya watu waliochujwa kwa bunduki, na Charles aliiambia hivyo usoni: alikataa kujibu mashtaka, akauliza amehukumiwa kwa mamlaka gani. Mtu aliyewafunga watu bila kutaja kosa ndiye sasa alikuwa anadai sheria. Swali lake lilikuwa la haki hata kama muulizaji hakuwa. Walioteuliwa kumhukumu walikuwa 135, waliotia saini hati ya kifo ni 59. Alikatwa kichwa tarehe 30 Januari 1649 nje ya Banqueting House, Whitehall, amevaa mashati mawili ili akitetemeka kwa baridi watu wasidhani ni woga.

Oliver Cromwell alikuwa mtetezi wa Bunge au dikteta?

Jenerali huyu wa jeshi la Bunge alianza la kwanza akaishia la pili. Aprili 1653 aliingia Bungeni na askari, akawatukana wabunge, akaamuru siwa (rungu la Bunge) iondolewe, akaiita kikorokoro, kisha akafunga ukumbi. Charles aliwatafuta wabunge watano, Cromwell akawatoa wote. Mwezi Desemba akawa Mlinzi wa Taifa, akatawala hadi kifo chake Septemba 1658. Na mtu asimsifu bila kutaja Drogheda na Wexford, miji ya Ayalandi ambako majeshi yake yaliua watu kwa maelfu mwaka 1649, wala ardhi ya Waayalandi Wakatoliki iliyonyang'anywa kwa jumla baada ya hapo.

Watu wa kawaida walikuwa wapi katika haya yote?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na vitabu vya shule hulipa mistari miwili.

Oktoba 1647, jeshi la Bunge likiwa limeshashinda, wajumbe wa askari na maofisa walikutana katika kanisa la Putney, karibu na London, wakajadili nchi itawaliwe vipi. Kuna aliyeandika maneno yao. Kanali Thomas Rainsborough alisema kwamba mtu maskini kuliko wote Uingereza ana maisha yake ya kuishi sawa na aliye mkubwa kuliko wote, na kwa hiyo anayeishi chini ya serikali lazima kwanza aikubali kwa ridhaa yake. Henry Ireton, mkwe wa Cromwell, akamjibu kwamba kura ni ya mwenye mali ya kudumu nchini, kwani wasio na mali wakipata kura wataipigia kura mali ya wengine. Askari mmoja, Edward Sexby, akauliza kwa uchungu: kama hatukuwa na haki katika ufalme huu, tulikuwa tunapigania nini? Hawakupewa jibu. Waliosisitiza walikandamizwa.

Wanawake nao hawakungoja kuitwa. Mwaka 1649 viongozi wa kundi la wadai usawa (Levellers), lililotetea hoja kama za Rainsborough, walifungwa, akiwemo John Lilburne. Wanawake wa London wakaja Bungeni kwa mamia wakiwa na ombi la kutaka waachiwe, wakajibiwa warudi nyumbani wakaoshe vyombo. Mwezi Mei walirudi na ombi la pili. Ndani yake wakauliza kama wao hawana sehemu sawa na wanaume wa taifa katika uhuru uliomo kwenye Ombi la Haki na sheria njema za nchi. Walilitaja kwa jina, hati ile ya mwaka 1628 iliyoandikwa na matajiri kutetea mifuko ya matajiri. Walioiandika hawakuwafikiria wanawake hata kidogo, na wanawake wakaishika vilevile.

Mfalme aliporudi mwaka 1660, damu yote ile ilipotea bure?

Si yote. Charles wa Pili alirudishwa Mei 1660 kwa shangwe, na Januari 1661 maiti ya Cromwell ilifukuliwa ikatundikwa Tyburn, mahali pa kunyongea wahalifu. Lakini Chumba cha Nyota hakikurudi, wala kodi ya merikebu. Na mwaka 1679 Bunge likapitisha sheria ya habeas corpus. Mlinzi wa gereza akiletewa amri, lazima amfikishe mfungwa mbele ya jaji ndani ya siku zilizowekwa na aeleze sababu ya kumshikilia. Akikaidi, mara ya kwanza anamlipa mfungwa paundi 100 kutoka mfukoni mwake. Kumsafirisha mfungwa ng'ambo ili mahakama isimfikie kukapigwa marufuku. Ninaipenda sheria hii kwa sababu haina maneno makubwa. Inamtaja bwana jela, inataja siku, inataja faini.

Mapinduzi Matukufu ya 1688 yalikuwaje, na Hati ya Haki inasema nini?

James wa Pili, ndugu wa Charles, alikuwa Mkatoliki katika nchi iliyoogopa Ukatoliki. Alisimamisha kwa amri yake sheria zilizowabana Wakatoliki na madhehebu mengine. Kwa macho ya leo, uhuru wa dini aliotangaza ulikuwa jambo jema. Ubaya ulikuwa njia: mfalme anayeweza kusimamisha sheria mbaya peke yake anaweza kusimamisha na nzuri. Maaskofu saba waliokataa tangazo lisomwe makanisani walishtakiwa, na tarehe 30 Juni 1688 wazee wa baraza wakawaachia huru. Siku hiyo hiyo watu saba mashuhuri walimwandikia William wa Orange, mtawala wa Uholanzi na mkwe wa James, aje na jeshi. Akatua Torbay tarehe 5 Novemba. James akakimbilia Ufaransa mwezi Desemba, na njiani akatupa muhuri mkuu wa ufalme katika mto Thames, akidhani bila huo nchi haiwezi kutawaliwa.

William na mkewe Mary walipewa kiti, na Hati ya Haki ikawa sheria Desemba 1689. Mfalme hawezi kusimamisha sheria, kutoza fedha, wala kuweka jeshi la kudumu wakati wa amani bila ridhaa ya Bunge. Raia ana haki ya kumpelekea mfalme malalamiko bila kushtakiwa. Uchaguzi uwe huru. Dhamana isizidi kiasi, adhabu isiwe ya kikatili. Na yanayosemwa Bungeni yasihojiwe mahakamani wala mahali pengine popote nje ya Bunge. Hati hiyo hiyo iliwafungia Wakatoliki mlango wa kiti cha ufalme, na mlango huo haujafunguliwa hadi leo.

Haki hizo ziliwahusu Waafrika?

Ziliwadhuru, na hili lazima lisemwe. James wa Pili alikuwa kiongozi wa Kampuni ya Kifalme ya Afrika, iliyokuwa na haki ya pekee ya biashara ya Waingereza ya watumwa kutoka Afrika Magharibi. Baada ya mapinduzi, wafanyabiashara wengine wakadai kwamba kuwazuia ni kuvunja uhuru wa Mwingereza. Bunge likawasikiliza, na mwaka 1698 biashara ile ikafunguliwa kwa yeyote atakayelipa ushuru wa asilimia 10. Idadi ya waliosafirishwa katika merikebu za Waingereza ikapanda. Uhuru wa mmoja ukawa pingu za mwingine, kwa sheria iliyopitishwa na Bunge lile lile.

Ni lini Bunge lilimshinda mfalme kabisa?

Polepole. Mwaka 1701 majaji walipewa ulinzi wa kutofukuzwa kwa matakwa ya mfalme. Malkia Anne, mwaka 1708, alikuwa wa mwisho kukataa kuidhinisha muswada uliopitishwa na Bunge. Kuanzia 1721 Robert Walpole, anayehesabiwa waziri mkuu wa kwanza, alitawala kwa sababu alikuwa na wabunge nyuma yake, si kwa kupendwa na mfalme peke yake. Lakini wanawake wote wa Uingereza hawakupata kura sawa na wanaume hadi 1928.

Sisi Afrika Mashariki yanatuhusu nini?

Yanatuhusu kwa njia mbili zinazovutana.

Kwanza, waliotuletea habari za kodi kwa ridhaa hawakutuomba ridhaa. Kodi ya kibanda ilianza kutozwa Kenya mwaka 1901. Baraza la Kutunga Sheria lilianza huko 1907, na Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia humo mwaka 1944. Tanganyika ilipata baraza lake 1926, na Waafrika wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali, wakaingia 1945. Hesabuni wenyewe miaka ya kulipa bila kusikilizwa.

Pili, maneno yale yamo katika katiba zetu, na sasa ni yetu. Ibara ya 100 ya Katiba ya Tanzania inalinda uhuru wa mawazo na majadiliano Bungeni, usihojiwe na chombo chochote wala mahakamani. Ukiiweka kando ya Hati ya 1689 utasikia sauti ileile. Ibara ya 138 inakataza kodi isiyotokana na sheria ya Bunge, nayo Kenya imesema hivyo katika ibara ya 210. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 25, imeiweka habeas corpus kati ya haki chache ambazo haziwezi kuwekewa mipaka.

Siwa ya Bunge ina uhusiano na siwa ya pwani?

Jina tu, lakini jina limechaguliwa vizuri. Siwa ya asili ni pembe kubwa ya kupulizwa, na ilikuwa alama ya mamlaka ya watawala wa miji ya Waswahili. Zinazojulikana zaidi ni ya Lamu, ya shaba, na ya Pate, ya pembe za ndovu. Mtawala asiye na siwa alikuwa na shida ya kuitwa mtawala. Rungu la Makabwela, la fedha iliyopakwa dhahabu, lilikuwa vilevile alama ya mfalme, ishara kwamba wanakaa kwa idhini yake, hadi likageuka kuwa alama ya mamlaka ya Bunge lenyewe. Dodoma, siwa hubebwa na Mpambe wa Bunge, akimtangulia Spika kuingia ukumbini.